Kwa vijana wa Walukuba na Masese, hapa Jinja, mnaosema sayansi si yenu

Wajukuu zangu, salaam. Nawasikia jioni pale stage ya boda mkisema fizikia na kemia ni za watoto wa boarding za Kampala, wenye baba wa kulipa fizi za shule, na sisi wa kota tutafute tu samaki au pikipiki. Samaki ni kazi ya halali, imelea wengi hapa, sina neno nayo, lakini hilo la sayansi mmeliamua haraka mno na mimi nimefundisha fizikia mpaka nikastaafu, siwezi kunyamaza.

Umeme mnaochajia simu unatoka hapo Nalubaale, bwawa lililofunguliwa 1954, mnalipita kila siku. Mitambo yake ni sumaku na nyaya za shaba, kimoja kinazunguka karibu na kingine umeme unazaliwa, na aliyeonyesha jambo hilo mwaka 1831 ni Michael Faraday, mtoto wa mhunzi London, baba mgonjwa, chakula cha shida, shule alipata kidogo tu ya kusoma kuandika na hesabu basi. Ana miaka 14 akapelekwa kwa fundi wa kujalidi vitabu anaitwa Riebau.

Hapa ndo mnisikilize. Vitabu vilivyoletwa kushonwa kijana alikuwa anavisoma, vya umeme, vya kemia, na Riebau hakumfokea, alimwacha asome na afanye vijaribio vyake. Riebau hakuwa mwanasayansi jamani! Mteja wa duka akampa tikiti za kumsikiliza Humphry Davy, mkemia mkubwa wa enzi hizo, na kijana akaandika kila kitu, akachora hata vifaa, akayajalidi mwenyewe yale maandishi, kurasa kama 300, akampelekea Davy. Kabla ya hapo alishamwandikia mkubwa wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, jibu hakupata. Davy alimwita, akaongea naye vizuri, alafu akamwambia nafasi hakuna, baki na kazi yako ya vitabu. Ilipita miezi, msaidizi wa maabara akafukuzwa kwa kupigana, na Davy akatuma mtu amwite yule kijana. Machi 1813 akaanza kazi, kuandaa vifaa na kusafisha maabara.

Sasa nyie mnanitumia meseji "mzee nisaidie nipate skolashipu", mstari mmoja, na nikiuliza umefanya nini mpaka sasa kimya. Mtu wa kukushika mkono anahitaji kuona kitu, daftari ya maswali uliyojaribu hata kama umekosea, redio uliyofungua ukajua kwa nini hailii. Anza na aliye karibu, yule fundi redio wa sokoni, mtunza maabara wa shule yako, muombe umuoshee bika na testitubu baada ya masomo, utaona na utauliza. Akikataa mara ya kwanza rudi, labda siku ile ana shida zake.

Mabinti, nyie msijitoe mapema, tangu 1990 Makerere iliwaongezea wasichana pointi 1.5 wakati wa kuingia, watu walipigania hilo. Na fizi ya chuo isiwakimbize mkiwa bado senior two, kuna bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, HESFB, sheria yake ni ya 2014 na wanasayansi inawatanguliza, ila mkopo unalipwa, hilo mjue kabisa. Ulizeni masharti mapema, msingoje matokeo ya S6.

Na wenye gereji na maduka ya umeme hapa kwetu, nawaomba sana, mtoto akisimama anaangalia mnavyofanya kazi msimfukuze.

Mimi nipo barazani kila Jumamosi baada ya laasiri, pesa sina ila fizikia ninayo, njooni na daftari zenu na swali lililowashinda, na mje mmelijaribu kwanza.