Asante kwa aliyeomba CT

Mtaalamu wa mionzi ambaye hukuacha jina, tunakushukuru sana. MRI, yaani picha ya sumaku, ilionyesha ugwe wa mgongo (fungu kuu la neva lipitalo ndani ya uti wa mgongo) umebanwa shingoni, na ilikuwa rahisi kuandika "diski imetokeza", yaani mto ulio kati ya pingili umesogea nje, na kufunga faili. Wewe uliona utepe mweusi mnene nyuma ya pingili ukaomba CT, yaani picha ya eksirei ya tabaka kwa tabaka, kwa sababu ndiyo inayoonyesha mfupa waziwazi. Kweli, ligamenti ndefu ya nyuma, utepe mgumu unaounganisha pingili kwa ndani ya mfereji wa ugwe, ilikuwa imegeuka mfupa.

Ukapima nafasi iliyobakia ugwe. Ikiwa chini ya milimita 6, hatari ni kubwa mno. Kisha ukachora mstari kutoka katikati ya mfereji kwenye pingili ya 2 ya shingo hadi ya 7. Mfupa ukiuvuka, upasuaji wa kupanua mfereji kwa nyuma peke yake mara nyingi hakutoshi, maana ugwe haupati pa kurudi. Ripoti nyingi hazina mstari huu, na inatusikitisha.

Shukrani zaidi kwa onyo lako kwa watu wa nusukaputi: shingo isipindwe nyuma wakati wa kuingiza mpira wa kupumulia kooni.