Mdogo wangu wa Glasgow, hilo neno litoe kooni

Mdogo wangu salaam, natumai baridi ya huko haijakushinda. Naandika hapa wazi maana najua si wewe tu. Juzi kwenye simu uliniambia kazini kwako ni mtaa wa Sauchiehall Street, nikakuuliza jina lina maana gani ukasema labda zamani kulikuwa na hall kubwa, ukumbi. Hapana mdogo wangu, hakuna ukumbi. Hiyo "hall" ni neno la Kiskoti, lugha ya huko Scotland, haugh, watu wakaliandika kama la Kiingereza basi likabaki hivyo mpaka leo, na haugh lenyewe likapotea hapo.

Haugh ni ile ardhi tambarare ya bondeni kando ya mto, ya majani, ya kulishia ng'ombe, mto ukifurika inafunikwa halafu maji yakishuka yanaacha tope jipya ndo maana udongo wake una rutuba. "Sauch" ni mti unaopenda kuota penye maji. Kwa hiyo wewe kila asubuhi unakanyaga malisho ya zamani yenye miti ya majini, juu wameweka lami na maduka. Mimi nilipojua hilo nilikaa kimya kidogo.

Kwingine neno limebaki zima. Kuna kijiji kinaitwa Haugh of Urr, kuna Philiphaugh karibu na Selkirk, hapo ndipo askari wa Montrose, jemadari wa upande wa mfalme, walipopiga kambi tambarare kando ya mto, tarehe 13 Septemba 1645 wakavamiwa kwenye ukungu na David Leslie, jemadari wa wapinzani wao, wakapigwa vibaya sana.

Sasa sikiliza hili ndo lililonifanya niandike. Ile gh ya mwisho Waingereza wengi inawashinda, hata Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, ambako neno lipo, imegeuka f. Lakini wewe umelelewa pwani! Ni kh ileile ya kheri, ileile bibi aliyotukazania tukisema "heri" kivivu, anaturudisha mpaka itoke kooni. Sema "hookh". Na sauch pia ni "sookh", kh mbili kwenye jina moja la mtaa na wewe zote unazo.

Kesho ukishuka kwenye basi simama kidogo, litamke lote vile lilivyokuwa, halafu nitumie voisi WhatsApp nikusikie.

Dada yako