Hesabuni kazi kwanza, bei mutaiongelea nyuma

Bwana Mhariri, jambo na pole na kazi. Juma iliyopita muliandika juu ya maonyesho ya vitambaa vya kitani vya rangi ya nili, ile bluu inayotoka mu majani, hapa Lubumbashi, mukaweka picha moja ndogo, kisha maneno karibu yote yakawa ni bei, eti kitambaa cha kutundika ukutani kinauzwa bei ya mbuzi muzima, eti ni "kazi ya mikono ya wamama". Turubai ya muchoraji munaita sanaa, kitani munaita kazi ya mikono, sasa muchoraji yeye anapaka na miguu? Na kule Kano, Nijeria, kwenye mashimo ya rangi ya Kofar Mata ambayo wanasema yalianza 1498, wanaochovya ni wanaume, basi hiyo ya wamama muliitoa wapi.

Mi nashona nguo Kamalondo, sina hata kitambaa kimoja mule ndani, lakini hiyo kazi naijua. Nili haiyeyuki mu maji, mateso yote yanaanzia hapo. Unaloweka majani mpaka yachache, unayatoa, unapigapiga yale maji hewa iingie, unga wa bluu unashuka chini, unachuja, unakausha, na hapo bado hujapaka hata uzi moja. Inafaa tena utengeneze pipa na maji ya majivu ao chokaa, ulilishe pumba ao matunda ya sukari, ungoje wadudu wasioonekana wafanye kazi yao mpaka maji yawe kijani-manjano na povu la bluu lipande juu. Pipa likipata baridi linalala, na baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba munaijua, usiku linafunikwa blanketi kama mutoto muchanga.

Kitani nacho kina kichwa ngumu. Uzi wake una nta, usipokichemsha muzuri na soda rangi inakaa juujuu, unavaa siku moja shingo yote bluu. Unakichovya polepole, hewa isibaki mu mikunjo, ukikitoa ni kijani, halafu mbele ya macho yako kinageuka bluu sababu hewa imekigusa (hapo njo wageni wanatoa matelefone). Lakini mara moja inakupa bluu hafifu tu, ukitaka ile nzito karibu na nyeusi unachovya, unapumzisha, unachovya tena na tena, na pale panapotakiwa kubaki peupe umeshafunga na kamba ao umepaka uji wa muhogo vile wanafanya Abeokuta, Nijeria, na adire, vitambaa vyao vya nili. Fundo moja likilegea, muchoro umekwenda.

Kitu kingine, muliandika rangi hiyo "haina kemikali". Si kweli, maji ya majivu na chokaa vinachoma ngozi vizuri sana. Na ile nili ya kiwanda ambayo kampuni ya BASF ya Ujerumani walianza kuuza 1897, ile inayopaka jinzi karibu zote za dunia, ni kitu kilekile kinachotoka mu majani. Sasa anayenunua asidanganywe kwamba analipia muujiza, analipia siku za mutu na mikono yake. Na kuna wanaozani sababu tuko na kobalti hapa, bluu yote inatoka kwa mugodi, hapana jamani, ile ya kobalti ni ya vigae na vyungu.

Kama munataka kuwasumbua wale wasanii, waulizeni juu ya kitani. Kinalimwa sana Ufaransa na Ubelgiji, mpaka kifike huku bei imeshapanda njiani, wakati Wakuba wa Kasai wamefuma rafia, ule uzi wa majani ya mutende, tangu zamani na kuifunga na kuipaka wanajua. Mi ningelipa kuona nili juu ya rafia. Hiyo ingekuwa makala ya kusoma, kuliko mambo ya mbuzi.

Basi mutume mwandishi wenu siku ya kuchovya, si siku ya ufunguzi yenye bia ya Simba baridi na sambusa. Aje asubuhi, na avae shati ambayo bibi yake hatalia juu yake.

Musomaji wenu, Kamalondo