Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji: Pimeni kingo za Msimbazi

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Vingunguti, hatua 12 kutoka ukingo wa Mto Msimbazi. Masika ya mwaka juzi zilikuwa hatua 20.

Nyuma ya nyumba yetu kuna mwarobaini. Nusu ya mizizi yake inaning'inia hewani, na chini yake udongo umeliwa kama pango. Ukingo ule haukuangushwa na mafuriko yenyewe. Uliporomoka siku mbili baadaye, jua likiwaka, watoto wameshaanza kucheza. Ndivyo ilivyo: maji yakijaa huula ukingo kwa chini, lakini pia huuegemeza. Yakishuka, udongo uliolowa hubaki mzito bila egemeo, ukakatika bonge zima. Jirani yetu alipoteza choo na jiko namna hiyo.

Udongo ule ulishuka na mto kuelekea Jangwani, ambako mitambo huchota tope ili maji yapate njia. Sipingi kuchota, na mradi wa Bonde la Msimbazi unaofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia tunaungojea kwa hamu. Ninachoomba ni kingo zipimwe, kuanzia vilima vya Pugu hadi Jangwani, tujue katika tope lile kingo zimetoa kiasi gani, na mashamba, barabara na viwanja vya ujenzi vimetoa kiasi gani.

Kazi yenyewe si ya gharama kubwa. Nondo nyembamba za mita moja hupigwa zikalala ndani ya ukingo, kisha kila baada ya mvua unapima zimechomoza kiasi gani. Penye maporomoko makubwa, picha za angani za miaka tofauti zilinganishwe. Ukingo wa mita 100 wenye kimo cha mita 3 ukirudi nyuma nusu mita tu, hizo ni mita za ujazo 150, zaidi ya tani 200 za udongo. Na hapo ni upande mmoja wa mto, mtaa mmoja.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka mto. Naiheshimu. Lakini ukingo unatembea, Mheshimiwa, na aliyejenga nje ya mita 60 anaweza kujikuta ndani bila kuhamisha tofali.

Nondo zipigwe kabla ya vuli, na vipimo vibandikwe ofisi za serikali za mitaa. Za hapa kwetu nitazisoma mwenyewe, mkinipa daftari.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Vingunguti, Dar es Salaam