Kabla hujakata tikiti za Lamu

Lamu, Ijumaa baada ya swala

Kwa ndugu yangu Salim,

Assalaam alaykum warahmatullah. Baada ya salamu, sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Natumai nawe u mzima pamoja na shemeji na watoto, na Bi Mkubwa magoti yamempoa. Mama Rukia anakusalimu sana na anauliza habari za ule mkeka. Hilo mtamalizana wenyewe.

Ujumbe wako wa sauti umenifurahisha na kunitia wasiwasi kwa pamoja. Nimefurahi kwamba watoto wataziona Pate na Siyu, miji ya kale ya kisiwa cha Pate, kwa macho yao, na tena watafika kwa chombo cha baharini. Wasiwasi ni pale uliposema likizo ya Agosti umeshaiomba, tikiti unakata wiki hii, na habari za chombo mtazijua hukuhuku. Salim, usikate. Huku siku ya safari inachaguliwa na maji, na maji yanafuata mwezi.

Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, tuna bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya juu na chini hufika kama mita 3. Siku hizo maji hujaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Saa nne asubuhi, wakati nyinyi ndio mmemaliza mahamri na mbaazi, kijito cha kwenda magofu ya Takwa, kisiwani Manda, ni tope tupu. Kisha kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi, siku nyingine pungufu, siku nyingine zaidi. Ukihesabu hivyo, mwezi nne hadi sita, yaani siku ya nne hadi ya sita tangu mwezi kuandama, na mwezi kumi na nane hadi ishirini, maji hujaa asubuhi kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu. Hizo ndizo siku zenu. Mnatoka na jua changa, maji yanawabeba, na mchana unawakuta kivulini. Bora zaidi ni mwezi nne na mwezi kumi na nane, kwa kuwa maji bado yana nguvu ya bamvua. Mkichelewa hadi mwezi nane au tisa mnaangukia maji mafu, ambayo hujaa katikati ya asubuhi lakini hayapandi vya kutosha kuvusha chombo kilichopakia watu wanane kwenye mikoko.

Na hata ukipata siku, kuna sheria moja ambayo nahodha akiivunja umshike mkono: penye maji machache huingiwa maji yakiwa yanajaa. Ukikwama maji yakipanda, unangoja kidogo yanakunyanyua, unasukuma kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia, na kuendelea. Ukikwama yakishaanza kutoka, umepwelewa, na mtakaa juani mpaka maji yarudi, kwa muda wa saa nane, hata kumi. Mbaya kuliko yote ni kukwama kwenye kilele cha bamvua, kwa sababu siku inayofuata maji hayafiki pale tena, na chombo kinaweza kulala kwenye fungu la mchanga siku kadhaa kikingoja bamvua nyingine. Kwa Takwa basi, ingieni saa moja kabla ya maji kujaa, na mkitoka isizidi saa moja baada ya kujaa. Muda huo unatosha kuuona msikiti wenye nguzo juu ya kibla na lile kaburi la nguzo lenye maandishi ya mwaka wa Hijra 1094, ambalo watu wa Shela bado huliendea kuomba mvua.

Sasa upepo. Agosti ni kusi. Kwenda Pate mtakuwa na upepo wa nyuma, raha tupu, na shemeji atasema kumbe bahari si kitu. Kurudi ndiko kwenye kazi, kwani ni bisho, kupambana na upepo wa mbele, mwanzo hadi mwisho. Kwa tanga peke yake watoto watachoka na Bi Mkubwa atalowa. Kwa hiyo ama mchukue chombo chenye mashine, ama mwende kwa tanga na kurudi kwa boti ya abiria kutoka mji wa Faza, kisiwani Pate. Kisiwa cha Kiwayu kiacheni safari hii. Najua watoto wameahidiwa, lakini kusi ikivuma bahari ya nje huko haifai kwa mtoto wa miaka minne. Isubirini kaskazi, Desemba hadi Machi, na hata hapo muulize kwanza kituo cha polisi habari za usalama upande wa bara.

Ndani ya Mkanda, kati ya Manda na bara, hakuna mawimbi ya kuogopwa, ila njia ni nyembamba na boti za mwendo kasi hupita humo zikiacha mikunjo ya maji. Mwulize nahodha kina cha siku hizo, na msipite usiku. Penye kuchafuka ni mlangoni mwa Shela, maji ya bamvua yakitoka huku kusi ikiingia. Upepo na mkondo hugombana na maji husimama. Saa mbili baadaye pale pale pametulia.

Chombo ukitazame mwenyewe kabla ya kutoa malipo ya awali. Panda asubuhi, funua mbao za chini uangalie ngama, pale chini maji yanapokusanyika. Chombo kilichokaa pwani juani mbao zake hukauka, na kikishushwa huvuja mpaka zivimbe tena, kwa hiyo uliza kimo majini tangu lini. Shika kamba zinazopandisha foromali, ule mti unaobeba tanga. Zikiwa zimechakaa pale zinapopita kwenye kapi, zibadilishwe. Mashine ikiwashwa, tazama kama inatema maji nyuma. Isipotema, tundu la kupozea limeziba kwa tope, na hapo itachemka na kukwama njiani. Petroli: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba, na ichujwe kwa kitambaa kabla ya kumiminwa, kwa sababu maji ndani ya madumu ndiyo huzima mashine nyingi kuliko ubovu wenyewe. Pini ya pangaboi iwepo ya ziada. Pangaboi likigonga fungu pini hukatika, na bila nyingine mnabaki na upondo.

Jaketi za kuokolea za watoto nunua Mombasa, usitegemee za hapa, kwani nyingi ni za watu wazima. Iwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Mvishe, kisha mnyanyue kwa mabega ya jaketi: ikipanda ikavuka masikio, ni kubwa. Watoto wakae chini karibu na tezi, nyuma ya chombo, na nahodha akitangaza kugeuza, kila mtu ainame, maana foromali huhamishwa upande wa pili wa mlingoti na haina huruma na kichwa cha mtu. Anayechafukwa na moyo akae katikati, atazame nchi kavu, asitazame simu. Maji ya kunywa na kupikia ni lita 5 kwa mtu kwa siku. Mkiwa watu saba ni karibu dumu mbili za lita 20 kila siku. Jazeni Lamu.

Miji yenyewe. Kushuka Mtangawanda, gati ya kisiwa cha Pate, ni rahisi kwa Bi Mkubwa. Mbele ya mji wa Pate kwenyewe maji ni haba, na nyakati nyingi mtatembea kwenye tope lenye chaza zinazokata, kwa hiyo viatu vya kufunika vidole, na mburute miguu ili samaki taa aliyejizika akimbie mapema. Kutoka Mtangawanda hadi Pate ni mwendo wa chini kidogo ya saa moja. Bi Mkubwa apandishwe boda. Pate wapeni watoto muda. Magofu ya Wanabahani, ukoo uliotawala Pate zamani, yamezungukwa na mashamba ya tumbaku, na vichochoro vya mji vina watu wanaoishi kati ya kuta za zamani. Wasichukue hata kigae kimoja. Kutoka hapo hadi Siyu ni kama saa mbili kwa miguu.

Siyu ndiyo ningependa mlale. Watu huikimbilia ngome, wakapiga picha, wakaondoka, wakati huu ulikuwa mji wa waandishi wa misahafu, maseremala na mafundi wa ngozi, na viatu vya ngozi bado vinashonwa. Shanga iko umbali wa kutembea, na kuta zake zimesimama juu ya makazi ya karne ya 8. Mtafute mwenyeji awaongoze. Kwa chombo, Siyu huingiwa kwa kijito cha mikoko, na hapo nakurudisha kulekule: maji yakijaa tu. Faza ni ya mwisho, ina hospitali, ina boti za kurudi. Siku nne zinatosha kwa yote hayo, ya tano iwe ya akiba ya upepo. Usiijaze siku hiyo kitu chochote, hata chakula cha jioni kwa Ami Bakari.

Nilitaka pia kukueleza habari ya bandari mpya ya Kililana, kwamba meli zimeanza kuingia tangu 2021 na wavuvi wana yao ya kusema, lakini hilo tutaongea mkifika.

Sasa niambie haya, tena upesi. Likizo yako inaweza kusogezwa kwa wiki moja mbele au nyuma? Jumla mko wangapi, na yule mpwa wa shemeji anakuja? Kila mtoto ana kilo ngapi? Bi Mkubwa anaweza kupanda ngazi ya chombo kwa kushikwa mkono, au nimtafutie kigoda cha kukanyagia? Kuna anayetumia dawa za kila siku? Mnataka kulala kwenye nyumba za watu Siyu, wanaume kwao na wanawake kwao, au hilo shemeji halimfai? Na kuogelea, anayejua ni nani zaidi yako?

Nijibu kabla ya Jumatano, nahodha ana wengine wanaomtaka. Na tikiti, Salim, tazama kwanza mwezi uko wangapi.

Wasalaam,
nduguyo wa Lamu