Tusisubiri mwanamichezo atundike daluga ndipo tumtafute

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie wanamichezo wa kulipwa wanaostaafu. Klabu huwaandalia mechi ya kuwaaga, ngao na hotuba, kisha simu zinanyamaza. Ofisa ustawi wa jamii huitwa ndoa ikiwa imeshavunjika au pombe imeshashika hatamu. Kazi yake ianze walau miezi 12 kabla mkataba wa mwisho haujaisha, tena ianzie kwenye ratiba, fedha, mwili na familia. Unasihi peke yake hauwezi kubeba mzigo huo.

Swali la kwanza kuandikwa kwenye faili liwe: anaachaje? Aliyetolewa na jeraha au aliyeachwa na timu huwa hatarini zaidi kuliko aliyejichagulia siku. Kwa wote wawili, mshahara, wenzake na mpangilio wa siku huondoka kwa mpigo mmoja, na wengi hawajawahi kufanya kazi nyingine.

Ukimwuliza anaendeleaje, atakujibu yuko fiti. Miaka yote ameficha maumivu ili asipoteze namba. Uliza vinavyopimika: anashtuka usingizini mara ngapi, anakunywa siku ngapi kwa wiki, anabeti kiasi gani, nani alimpigia wiki hii bila kuomba hela. Kisha tumia dodoso la PHQ-9, lenye maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita na alama 0 hadi 27. Akifikisha 10, afanyiwe uchunguzi kamili wa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu. Swali la tisa, la kuwaza kufa au kujidhuru, halisubiri jumla. Akikubali hata kidogo, mwulize palepale, kwa maneno ya wazi, kama anafikiria kujiua, kwa njia gani na lini. Kumwuliza hakumpandikizii wazo hilo. Asiachwe peke yake mpaka aonwe na mtaalamu ikiwa ana mpango, na vitu vya hatari viondolewe nyumbani.

Alama hizo zina mtego wake. Maumivu sugu nayo huvuruga usingizi na kuchosha, kwa hiyo mwili upimwe pia. Andika kila dawa anayomeza, hasa za maumivu alizozizoea akiwa bado uwanjani. Tramadol ikichanganywa na baadhi ya dawa za sonona inaweza kuleta degedege, au sumu inayotokana na serotonini, kemikali ya ubongo, kupita kiasi. Akiikatisha ghafla baada ya kuitumia muda mrefu, hupata jasho, kutotulia na wasiwasi, na asiyejua atadhani ni ugonjwa wa akili umezuka. Daktari ndiye wa kuipunguza hatua kwa hatua. Mazoezi nayo yapunguzwe polepole, yasikatwe siku moja.

Wapo pia waliopigwa sana kichwani, kama mabondia. Ugonjwa wa ubongo unaoitwa CTE huthibitishwa kwa kuchunguza ubongo baada ya kifo tu. Kumwambia mtu aliye hai kwamba tayari anao ni kumnyang'anya matumaini bila ushahidi. Usahaulifu na hasira vinaweza kutokana na sonona, pombe au kukatika pumzi usingizini, na yote hayo yana tiba.

Kwenye fedha, ziandikwe pande mbili: kinachoingia baada ya mkataba, na kila ndugu anayetegemea pamoja na kiasi chake. Kisha familia iitwe, mwanamichezo mwenyewe aseme kitakachopungua, ofisa akiwa pembeni. Bila kikao hicho, wengi hukopa ili jina lisianguke.

Yote haya huharibika ikiwa faili linakaa ofisini kwa klabu. Kabla ya swali la kwanza aelezwe nini kitabaki siri na nini hakitabaki, yaani hatari kwa maisha yake au ya mwingine. Na rufaa isiwe kumpa namba ya simu tu. Mpigieni daktari mkiwa pamoja, msindikize siku ya kwanza, hakikisha ndani ya siku saba kwamba amehudumiwa. Napendekeza aonwe kila wiki mwezi wa kwanza, kila wiki mbili hadi mwezi wa tatu, kisha kila mwezi hadi miaka miwili itimie. Msimu mpya unapoanza na wenzake wanaripoti kambini, mtembelee hata kama zamu yake haijafika.

Kwenu wanahabari, acheni vichwa vya habari vya "nyota afulia". Mwenye shida akivisoma hujifungia zaidi. Na vyama vya wachezaji vidai kipengele katika mkataba kinachotaja nani atalipia huduma hii kwa miezi 24 baada ya mechi ya mwisho, na kwamba ofisa atawajibika kwa chama, si kwa klabu.

Ofisa Ustawi wa Jamii