Nakilini na ile nyota

Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu majibu ya picha kamili ya damu. Katika vituo vyetu vingi mgonjwa huja na daftari lake, na maabara humwandikia humo tarakimu kwa kalamu: himoglobini 6.1, chembe nyeupe 31, chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda) 42. Nyota iliyochapwa na mashine kando ya tarakimu huachwa kwenye karatasi. Daktari anapokea namba tupu.

Nyota hiyo ni onyo kwamba namba ina shaka, na ina maana, kwa sababu mashine hizi nyingi haziangalii umbo la chembe. Damu huchanganywa na maji ya chumvi na kuvutwa kupitia tundu lisilozidi sehemu ya kumi ya milimita, ambamo umeme unapita. Kila chembe ikipita, umeme hutatizika kidogo, na kadiri chembe ilivyo kubwa ndivyo unavyotatizika zaidi. Nyekundu na sahani hutofautishwa kwa ukubwa tu. Kwa nyeupe, dawa hupasua nyekundu kwanza, na kila kiini kinachobaki huhesabiwa kuwa chembe nyeupe. Himoglobini iliyomwagika hupimwa kwa mwanga wa kijani, karibu nanomita 540: mwanga mwingi ukimezwa, himoglobini ni nyingi.

Sasa mchukue mtoto mwenye selimundu, ambao Busoga na kaskazini mwa Uganda si wachache. Damu yake inaweza kuwa na nyekundu changa ambazo bado zina kiini. Mashine huzijumlisha na nyeupe, naye huanzishiwa dawa za maambukizi asiyokuwa nayo. Slaidi moja chini ya hadubini ingeonyesha hilo.

Chembe sahani nazo hushuka kwa uongo kichupa chenye kifuniko cha zambarau, chenye dawa ya kuzuia damu kuganda, kisipopinduliwa taratibu mara 8 hadi 10 mara tu damu inapoingia. Bonge dogo huzimeza. Wapo ambao dawa ya kichupa yenyewe huzigandamanisha. Hao wapimwe kwa kichupa cha sitrati, dawa nyingine ya kuzuia kuganda, jibu lizidishwe kwa 1.1.

Damu yenye mafuta mengi huziba mwanga na kupandisha himoglobini. MCHC, yaani wingi wa himoglobini ndani ya chembe nyekundu, ikivuka 37, shukuni.

Na hesabu zote zikishuka pamoja ghafla, ulizeni damu ilitolewa mkono gani. Kama ni wenye dripu, maji yake huizimua damu; ichukuliwe upya mkono wa pili kabla ya kuagiza chupa ya damu.

Mtaalamu wa maabara,
Gulu